Mmoja Katika Kila Dazeni

Pale kiwandani kila mtu alikuwa na jina la kupachikwa, na mama huyu aliitwa Bi Mizani. Kazi yake ilikuwa moja tu, na alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na tisa: kupima mitungi ya gesi ikishajazwa, kuhakikisha kila mtungi umepata kilo zake kumi na tatu, si pungufu, si zaidi. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu, mwenye kiburi kidogo cha mtu ambaye hajawahi kukutwa na kosa. Daftari lake alilitunza kuliko wengine wanavyotunza cheti cha ndoa.

Mitungi ilijazwa na mtambo wa mduara ambao wafanyakazi waliuita Bembea. Bembea ilikuwa na mizani kumi na mbili, kila moja na namba yake. Mtungi mtupu ulipandishwa juu ya mizani, ukazungushwa polepole huku ukinywa gesi, springi ya mizani ikaikata gesi ukifika kilo kumi na tatu, na mzunguko ukiisha ulikuwa umeshiba. Ndipo ukashuka na kupita mbele ya meza ya Bi Mizani ukielekea kwenye magari. Mia sita kwa siku. Hakuna binadamu wa kupima mitungi mia sita, kwa hiyo yeye alichukua sampuli: mmoja katika kila dazeni.

Hapo mwanzo alihesabu kwa mdomo. Lakini watu hawamwachi mtu ahesabu kwa amani. Mmoja akipita na kusema "za asubuhi, mama," tayari hujui kama ulifika nane au tisa. Tena wapo waliomsema kwamba anachagua mitungi ya kupima, kwamba akigombana na fundi hutafuta mtungi mbaya ili amkomoe. Maneno hayo yalimuuma sana. Akaitafutia dawa fitina ile: siku moja alichukua brashi na rangi nyekundu, akapaka mizani namba moja ya Bembea. Tangu siku hiyo hakuhesabu tena. Rangi nyekundu ikifika, mtungi unaoshuka hapo ndio wa kupima. Hakuna kupotea, hakuna upendeleo. Meneja alimsifu mbele ya wafanyakazi wote, na wakapiga makofi. Sasa wewe unayesoma, ishike hiyo rangi nyekundu usiiache, maana balaa lote lilipita mlango huo.

Miaka minne ilipita hivyo, na mambo yalikuwa shwari. Kisha, mwanzoni mwa msimu wa joto, springi ya mizani namba saba ilikatika. Fundi wa mtambo aliitafuta mpya akaikosa, akaweka iliyotoka kwenye mashine ya zamani, akaipiga nyundo mara mbili, akasema, "Imekaa." Bembea ikaendelea kuzunguka.

Wa kwanza kugundua kitu alikuwa Winchi. Huyu alikuwa mpakiaji, pande la mtu, aliyebeba mitungi miwili kwa mpigo na kuipanga kwenye magari huku akiimba.

"Bi Mizani," alisema siku moja akijifuta jasho, "mbona siku hizi kuna mitungi mizito? Unabeba, unabeba, mara unakutana na mmoja kama umemeza jiwe."

"Umezeeka, Winchi. Nenda kaoe upumzike."

"Sitanii, mama. Bega langu linajua."

"Bega halina namba," alijibu Bi Mizani bila kuinua macho. "Mimi ninazo. Kumi na tatu. Kumi na tatu. Kumi na tatu na nukta moja. Tazama mwenyewe."

Winchi akatazama daftari, akakuna kichwa, akaenda zake. Nani angebishana na daftari lile?

Dalili nyingine zilikuja, lakini kila moja ilikuja na kisingizio chake mkononi. Mtunza ghala alilalamika kwamba tangi kubwa linaisha mapema kuliko linavyopaswa. Wakamshuku mlinzi, wakamfukuza, naye alikuwa mtu wa watu aliyelia getini kama mtoto. Madereva walileta habari kwamba mitaani watu wanagombea mitungi ya kiwanda chao, kwamba humo kuna "mitungi ya baraka" ambayo haiishi upesi. Sanduku la malalamiko lilikuwa limejaa karatasi za watu wanaodai wamepunjwa, na nyingi ni uzushi mtupu. Lakini aliyezidishiwa halalamiki, anashukuru na kunyamaza. Halafu nyumba mbili ziliungua, moja upande wa stendi, nyingine karibu na soko. Zote mbili ziliungua mchana. Watu walisema ni mipira chakavu ya gesi, na Bi Mizani naye alisema hivyohivyo, tena kwa sauti kubwa kuliko wote.

Alikuwa na binti mmoja tu, mwalimu wa hesabu, aliyeishi ng'ambo ya mji na mama mkwe wake na mtoto wa miezi minane. Baba mtoto alikuwa dereva wa masafa marefu, leo yupo, kesho hayupo. Mtoto alinenepa hadi mikono ikawa na mikunjo, wakamwita Kibonge, na bibi yake alimpenda hadi akawa anachekwa kazini. Jumamosi, binti yake alimwambia gesi imekaribia kuisha. Bi Mizani akaomba mtungi mmoja kiwandani, kama ilivyoruhusiwa kwa wafanyakazi, na Winchi ndiye aliyeupeleka.

"Nimekuchagulia mimi mwenyewe," Winchi alimwambia akirudi, meno yote nje. "Kwa ajili ya Kibonge. Nimepima kwa bega mpaka nikaupata ule wa baraka."

"Asante, baba," alisema Bi Mizani, na akacheka.

Siku hiyohiyo binti alimwomba aazime kurasa mbili za daftari lake azinakili. Alitaka kuwafundisha wanafunzi wake wastani na mtawanyiko kwa namba za kweli, si zile za kitabuni za machungwa na miwa. Bi Mizani aliona fahari. Namba zake zinakwenda shuleni!

Jumatatu, saa nne na dakika chache, simu yake iliita mezani. Ilikuwa mapumziko ya shule. Nyuma ya sauti ya binti yake zilisikika kelele za watoto.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Vipi, namba zangu zimefaulu?"

"Ndiyo hilo nilitaka kukuuliza. Wanafunzi wamezikataa."

"Wamezikataa? Wao ni nani?"

"Mama, usikasirike. Nisikilize. Mtambo wenu una mizani kumi na mbili, si ndiyo? Kila moja na springi yake, kila moja na uchakavu wake. Basi namba lazima zitawanyike. Mtungi huu kumi na mbili na nusu, ule kumi na tatu na nukta tatu. Ndivyo vitu vilivyo, hata mapacha hawalingani uzito. Lakini zako zimesimama mstari mmoja kama gwaride. Hazitofautiani ila kwa nukta moja. Kuna mwanafunzi wangu mmoja, mkorofi huyo, ameniuliza: mwalimu, huyu mtu anapima mitungi mia, au anapima mmoja mara mia?"

Bi Mizani alicheka. Kisha akaacha kucheka. Mbele yake Bembea ilikuwa inazunguka taratibu, na rangi nyekundu ndiyo kwanza inafika.

"Mama? Kengele imelia, naingia darasani. Tutaongea baadaye."

Simu ikakatika. Rangi nyekundu ikapita, ikazunguka nyuma, ikarudi. Mizani kumi na mbili. Mmoja katika kila dazeni. Kwa miaka minne alikuwa amepima mizani namba moja. Namba moja peke yake, asubuhi hadi jioni, na kuandika kwa mwandiko mzuri kwamba zote zi salama. Zile nyingine kumi na moja hakuwa amezigusa hata siku moja. Alikuwa kama mtu anayemwamkia mzee wa nyumba mlangoni, halafu anatangaza mtaani kwamba watu wote wa nyumba ile ni wazima.

Akasimama. Aliushusha mtungi wa namba mbili mwenyewe, akaupima: kumi na mbili na nukta tisa. Namba tatu: kumi na tatu na nukta mbili. Nne, tano, sita, zilikuwa juu kidogo, chini kidogo, kama binti yake alivyosema. Namba saba aliuvuta, na kabla haujakaa juu ya mizani ya meza, mikono yake ilikuwa imeshajua.

Kumi na tano na nusu.

Akafuta kioo kwa kanga. Kumi na tano na nusu. Akasubiri mzunguko mwingine, akashusha tena namba saba: kumi na tano na nukta sita. Kuanzia nane mpaka kumi na mbili zilikuwa kama kawaida.

Mtu asiyejua ataona ni zawadi, kilo mbili na nusu za bure. Lakini Bi Mizani alijua. Mtungi wa gesi haujazwi mpaka juu. Huachiwa nafasi, kwa sababu joto likipanda, gesi iliyomo ndani, ambayo ni kimiminika, hutanuka. Pakiwa na nafasi, inatulia. Pasipokuwa na nafasi, inatafuta mlango wa kutokea, na mlango wenyewe uko jikoni, pembeni ya moto. Mitungi ilijazwa asubuhi wakati wa baridi. Mchana mabati ya mji mzima yalikuwa yanapasuka kwa jua.

Alipiga hesabu nyuma ya daftari. Ukijumlisha mizani zote kumi na mbili na kugawa, wastani ni kumi na tatu na nukta mbili. Wastani mzuri, wa kumridhisha mkaguzi yeyote. Lakini wastani haulipuki, mtungi ndio unaolipuka. Kisha akapiga hesabu ya pili. Hamsini kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki tisa tangu fundi apige nyundo yake. Elfu mbili na mia saba. Chini ya namba hiyo hakuandika kitu, kwa sababu alikuwa amekumbuka mtungi mmoja kati ya hiyo, na Winchi akicheka meno yote nje.

Akapiga simu kwa binti yake. Imezimwa, yuko darasani. Mama mkwe alikuwa na simu, lakini aliiwasha Jumapili tu kupokea salamu za wanawe, kisha akaizima kutunza chaji. Ilikuwa saa tano kasoro. Mama yule huanza kupika saa sita kamili, hakosi, utadhani ana saa tumboni.

Alikimbilia ofisi ya meneja na daftari kifuani.

"Simamisha Bembea," alisema. "Wiki tisa sasa namba saba inajaza kupita kiasi, nimepima mitungi miwili. Magari yarudishwe. Watangaziwe watu redioni."

Meneja alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulikuwa shida. Alimpa kiti. Alichukua daftari, akalifunua ukurasa mmoja baada ya mwingine, akitikisa kichwa kwa kupendezwa.

"Mama, hebu tulia. Huu si mwandiko wako? Kumi na tatu. Kumi na tatu. Sahihi yako hii hapa, wiki tisa zote. Mkaguzi alipita mwezi jana, akasema hajaona kiwanda chenye namba zilizotulia hivi."

"Hizo namba ni za mizani moja."

"Ni sampuli. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba sampuli inatosha."

"Nilikosea."

"Labda umekosea leo," meneja alisema kwa huruma. "Umechoka. Mitungi miwili, mama! Miwili dhidi ya daftari zima? Nitamwambia fundi aiangalie jioni."

Bi Mizani alimtazama mtu yule akipapasa jalada la daftari lake. Katika miaka kumi na tisa hakuwa ameandika uongo hata mmoja mle ndani, na hakuna uongo ambao ungeweza kuua watu wengi namna ile. Alihisi aibu, aibu ya kumfanya mtu atamani kujificha chini ya meza. Lakini hapakuwa na muda wa aibu. Alitoka bila kuaga, akaenda moja kwa moja kwenye Bembea, akapiga kofi kitufe cha dharura. Mtambo ukaguna, ukasimama. Ukimya ulioingia ulimtisha kila mtu.

"Winchi!" aliita. "Asiwashe mtu huu mtambo. Ukae hapa. Na hayo magari matatu getini, shusha yote, upime kila mtungi. Kwa bega lako hilohilo."

"Mama, kumbe kweli?"

"Kweli, baba. Bega lako lilikuwa linapima yote, mimi nilikuwa napima mmoja."

Winchi akaweka chini mtungi aliokuwa amebeba. Alikuwa amekumbuka Jumamosi. Jicho lake likajaa maji, na Bi Mizani hakukaa kumbembeleza.

Pikipiki aliyopanda ilipita katikati ya mji, na kila mahali aliona yale mambo ambayo mtu huona kila siku bila kuyaona: mtungi mlangoni pa kinyozi, mtungi juani nyuma ya mgahawa, mitungi minne imefungwa kwenye baiskeli. Midomo yake ikawa inahesabu peke yake. Akafika kumi na mbili, akaanza tena, akafika tena. Mwendesha pikipiki alimwuliza kama anasali.

Saa sita kasoro dakika tano walifika. Mama mkwe alikuwa anaingia getini, anatoka dukani, mtandio umemwangukia shingoni.

"Ee, mkwe! Karibu, karibu. Umekuja na mguu wa chakula. Ndiyo kwanza nataka kubandika, kiberiti kikaniishia, nimetoka kununua." Akakiinua amwonyeshe.

Bi Mizani alimpokonya.

"Mkwe! Una nini?"

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala ndani. Nimefunga madirisha, vumbi hili linamkohoza. Kwani kuna nini? Mimi tangu asubuhi nasikia kiharufu jikoni, nikasema panya kafia uvunguni, lakini mafua haya..."

Hakungoja amalize. Mlango ulipofunguka, harufu ilimpiga usoni. Jikoni, chini ya dirisha lililokuwa likipigwa na jua, mtungi ulikuwa unapiga mluzi mwembamba, kama mtu anayejiliwaza peke yake. Alipita akaingia chumbani, akamnyakua Kibonge na shuka lake, akatoka naye mpaka barabarani, akampa bibi yake mwingine. Akarudi. Alifungua mlango wa nyuma, akafungua madirisha, hakugusa swichi yoyote. Kisha akaushika ule mtungi kwa mikono miwili, akauburuta kizingitini, uani, mpaka kwenye kivuli cha ukuta wa mwisho, mbali na kila kitu. Akaumwagia ndoo mbili za maji. Mluzi ukapungua, ukanyamaza. Ndipo akakaa chini kwenye tope.

Kibonge aliamka, akatazama huku na huku, akamwona bibi yake amelowa, akacheka. Bi Mizani alimbusu miguu yote miwili, akalia wazi bila kujificha.

"Tumshukuru Mungu," alisema mama mkwe, ambaye sasa alikuwa ameelewa. "Tumepona, mkwe wangu. Yameisha."

Bi Mizani alikuwa anatazama mtaa. Ulikuwa mtaa mrefu, nyumba zimebanana, mabati yanameremeta, na ilikuwa saa sita kamili. Kutoka dirisha moja ilisikika sufuria ikibandikwa. Kutoka jingine, kitunguu kinakatwa. Mazoea ni kitu kibaya: jicho lake lilianza kuhesabu milango lenyewe, moja, mbili, tatu, likaruka mpaka ule wa kumi na mbili na kusimama pale. Akaliona linavyofanya. Akaliondoa pale kwa nguvu, akalirudisha kwenye mlango wa kwanza.

"Mtoe mtoto kabisa, mpeleke kule uwanjani," alisema akiinuka. "Na ukikutana na mtu yeyote, mwambie asiwashe jiko."

Akagonga mlango wa kwanza. Mtungi wao ulikuwa mtupu. Akagonga wa pili. Aliuinua ule mtungi kidogo tu, mikono ikamwambia, akauburuta nje na kuondoka na kiberiti chao mfukoni. Mlango wa tatu hawakuwa na gesi. Wa nne alifungua mwanamke mchangamfu, mwiko mkononi.

"Mtungi wetu? Aa, shangazi, huo ni wa baraka!" alisema akicheka. "Wa kwanza ulidumu wiki saba, na huu nimeufunga jana! Karibu ndani, niwashe tu chai nije tuongee."

"Usiwashe. Nipe kiberiti, mwanangu. Nipe mkononi."

Yule mwanamke alimwona lile tope nguoni, yale macho, akampa bila kuuliza. Bi Mizani alikuwa anautoa mtungi huo mlangoni wakati mshindo ulipotokea. Ulitokea mbali, upande wa soko, mzito, mara moja tu, na vikombe vya kabatini vikagongana. Kuku walinyamaza. Watu wakatoka nje ya milango yao wakiulizana ni nini hicho, wakitazama juu ya mabati, mahali ambapo moshi ulikuwa umeanza kuinuka.

Yeye hakutazama. Aliuweka mtungi kivulini, akajifuta mikono, akaenda kugonga mlango wa tano.